Injini ya gari: Inakotengenezwa na namna ya kuitunza

KATIKA foleni za jioni jijini Dar es Salaam, si ajabu kukuta gari dogo limeegeshwa kando ya barabara, boneti likiwa wazi, mvuke ukifuka na mwenye gari ameshika chupa ya maji asijue pa kuanzia. Mara nyingi safari ya gari hilo huishia gereji, na mwenyewe huambiwa maneno ambayo kila mmiliki huyaogopa: injini imekufa.

Kwa familia nyingi za mijini, gari ni mali ya pili kwa thamani baada ya nyumba, na injini ndiyo sehemu ya gari iliyo ghali kuliko zote. Licha ya hali hiyo, wamiliki wengi hawajui injini ya gari lao ilitengenezwa wapi, ni ya aina gani, wala inahitaji nini ili iishi miaka mingi. Wapo wanaoufahamu vizuri mwaka wa gari na rangi yake, lakini wakiulizwa namba ya injini hulazimika kumpigia simu fundi.

Makala haya yanaeleza chimbuko la injini, viwanda vinavyoitengeneza, namna inavyoundwa, na mambo ya msingi ambayo mmiliki anapaswa kuyazingatia ili asiingie katika gharama ya kuifungua au kununua nyingine.

Chimbuko lake ni Ujerumani

Injini inayotumika katika magari mengi hadi leo ilianzia Ujerumani. Mwaka 1876, Nikolaus Otto alifanikiwa kuunda injini iliyofanya kazi kwa hatua nne: kuvuta hewa na mafuta, kubana mchanganyiko huo, kuulipua, kisha kutoa moshi. Miaka 10 baadaye, Januari 1886, Karl Benz wa mjini Mannheim aliomba hataza ya gari la magurudumu matatu lililoendeshwa na injini ya silinda moja.

Mjerumani mwingine, Rudolf Diesel, ndiye aliyebuni injini isiyohitaji plagi. Katika injini yake, hewa hubanwa kwa nguvu kubwa hadi inapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Injini hiyo ilifanyiwa majaribio yaliyofaulu mjini Augsburg mwaka 1897, na jina la mbunifu wake ndilo linalotumika hadi sasa kwa mafuta ya dizeli.

Nchini Marekani, Henry Ford ndiye aliyeifanya injini kuwa bidhaa ya watu wengi. Gari lake la Model T lilitoka mwaka 1908, na mwaka 1913 alianzisha katika kiwanda cha Highland Park utaratibu wa kuunda gari likiwa linasogea mbele ya wafanyakazi, kila mmoja akifunga kifaa kimoja tu.

Japani ilichelewa kuingia, lakini ndiyo iliyoziteka barabara za Afrika Mashariki. Toyota, iliyotokana na kampuni ya kutengeneza mashine za kufumia nguo, ilikamilisha injini yake ya kwanza mwaka 1934. Iliitwa Type A, ilikuwa na silinda sita, na ilifungwa katika gari la Model AA lililotoka mwaka 1936.

Viwanda vya Japani

Watu wengi hudhani kuwa gari na injini yake hutoka katika jengo moja. Ukweli ni kwamba kampuni kubwa huwa na viwanda maalumu vya injini, kisha injini hizo husafirishwa kwenda katika viwanda vya kuunganisha magari, wakati mwingine katika nchi nyingine kabisa.

Toyota ina viwanda vya namna hiyo katika Mkoa wa Aichi. Kiwanda cha Kamigo kilianza kazi mwaka 1965, na cha Shimoyama kilifuata mwaka 1975. Kusini mwa nchi hiyo, katika Kisiwa cha Kyushu, kiwanda cha injini cha Kanda kilianza uzalishaji mwaka 2005. Injini nyingi za dizeli za kampuni hiyo hutengenezwa na kampuni dada ya Toyota Industries katika mji wa Hekinan. Humo ndimo zilimotoka injini za familia ya KD na VD zilizofungwa katika magari kama Hilux na Land Cruiser.

Nissan hutengeneza injini katika kiwanda chake cha Yokohama, kilichofunguliwa mwaka 1935, na katika kiwanda cha Iwaki, Mkoa wa Fukushima, kilichoanza mwaka 1994 kwa ajili ya injini za silinda sita za umbo la V. Kiwanda cha Iwaki kiliharibiwa na tetemeko la ardhi la Machi 11, 2011, na tukio hilo liliionyesha dunia jinsi uundaji wa magari unavyoweza kukwama kwa kukosekana kiwanda kimoja cha injini.

Subaru hutengeneza injini zake, ambazo pistoni zake hulala na kutazamana pande mbili, katika kiwanda cha Oizumi, Mkoa wa Gunma. Suzuki hutumia kiwanda cha Sagara, Mkoa wa Shizuoka. Isuzu, ambayo malori yake madogo yamejaa katika masoko ya Afrika Mashariki, ina kiwanda cha injini katika mji wa Tomakomai, Kisiwa cha Hokkaido.

Ulaya, Marekani na Asia

Si kila gari la Kijapani lina injini iliyotoka Japani. Toyota ilifungua kiwanda cha injini Deeside, kaskazini mwa Wales, mwaka 1992, na nyingine hutengenezwa Poland na katika jimbo la West Virginia nchini Marekani. Nchini Thailand, kampuni ya Siam Toyota hutengeneza injini kwa ajili ya pikapu zinazouzwa katika nchi nyingi. Honda nayo ina kiwanda kikubwa cha injini katika mji mdogo wa Anna, jimbo la Ohio, kilichofunguliwa mwaka 1985.

Barani Ulaya, Mercedes-Benz imekuwa Untertürkheim, pembezoni mwa Stuttgart, tangu mwaka 1904. BMW ni kampuni ya Ujerumani, lakini injini zake nyingi hutengenezwa Steyr, nchini Austria. Audi hutegemea kiwanda cha Győr, nchini Hungary, ambacho ni miongoni mwa viwanda vikubwa zaidi vya injini duniani. Injini za Ingenium za Land Rover na Jaguar hutoka Wolverhampton, Uingereza, katika kiwanda kilichozinduliwa mwaka 2014.

Kwa upande wa malori na mabasi, injini za Scania hutoka Södertälje na za Volvo hutoka Skövde, zote nchini Sweden. Kampuni ya Cummins yenye makao yake Columbus, jimbo la Indiana, hutengeneza injini Marekani, Uingereza, China na India. Malori na mabasi mengi ya Kichina yanayopita katika barabara za Tanzania na Kenya hutumia injini za Weichai, yenye makao mjini Weifang, au za Yuchai za mjini Yulin.

Afrika ina nafasi ndogo katika orodha hii, lakini ipo. Kiwanda cha Ford cha Struandale, katika mji wa Gqeberha uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth, kilifunguliwa mwaka 1964 na kimekuwa kikitengeneza injini za pikapu za kampuni hiyo.

Katika Afrika Mashariki, magari huunganishwa Mombasa, Thika na Nairobi, lakini injini huletwa zikiwa zimekamilika. Tanzania iliwahi kuunganisha malori ya Scania Kibaha, na kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, pia cha Kibaha, kiliunda lori lililopewa jina hilohilo. Kenya nayo ilizindua gari la Nyayo Pioneer mwaka 1990, lakini halikufikia hatua ya kuzalishwa kwa wingi.

Namna inavyoundwa

Kazi huanzia katika tanuri. Chuma au aluminiamu huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ili kupata bloku, yaani mwili wa injini wenye matundu ya silinda. Injini za zamani zilikuwa na bloku ya chuma cha kumimina, ambayo ni nzito lakini huvumilia sana. Injini nyingi za petroli za tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zina bloku ya aluminiamu, ambayo ni nyepesi na hupoa haraka, ikiwa imetiwa ndani mikono myembamba ya chuma pale pistoni zinapopita.

Bloku ikishapoa hupelekwa katika mashine zinazoongozwa na kompyuta ili kutobolewa na kusawazishwa. Kuta za silinda hukwaruzwa kwa makusudi mistari myembamba inayokatizana, ambayo macho hayaioni kwa urahisi. Mistari hiyo ndiyo inayoshikilia utando wa oili ili pistoni isisuguane na ukuta. Nafasi kati ya pistoni na silinda ni sehemu chache za mia moja za milimita, takriban unene wa unywele mmoja wa binadamu.

Baada ya hapo hufungwa krenkishafti, pistoni, valvu na kamshafti katika vyumba vinavyolindwa dhidi ya vumbi, kila boliti ikikazwa kwa nguvu iliyopimwa. Kabla ya kutoka kiwandani, injini huzungushwa na mota ya umeme bila kutiwa mafuta, na vipimo husoma shinikizo, mtetemo na sauti. Yenye kasoro hurudishwa.

Maelezo haya yana faida kwa mmiliki wa gari. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 katika sekunde moja, na moto ulio juu yake hupita nyuzi joto 2,000 za Selsiasi. Kinachozuia vyuma visishikane ni utando mwembamba wa oili na maji yanayozunguka nje ya silinda. Kimoja kikikosekana kwa dakika chache tu, kazi yote ya kiwanda huharibika.

Ijue injini yako

Jambo la kwanza kwa mmiliki ni kujua aina ya injini iliyomo katika gari lake. Kwa Toyota, aina hiyo huandikwa katika kibati kilichobandikwa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, na namba kamili hugongwa kwenye bloku.

Maandishi hayo yana maana. Kwa mfano, katika 1NZ-FE, herufi NZ ni familia ya injini na tarakimu 1 ni toleo lake. Herufi F inaonyesha mpangilio wa kamshafti na valvu nne kwa kila silinda, na E inaonyesha kuwa petroli inapulizwa kwa mfumo wa kielektroniki. Injini hiyo ya sentimita za ujazo 1,497 ndiyo iliyomo katika magari mengi madogo yanayoonekana mijini, kama vile IST, Raum, Spacio, na Premio na Allion zenye injini ndogo.

Kwa upande mwingine, 1HZ ni injini ya dizeli ya silinda sita yenye sentimita za ujazo 4,164. Imekuwa ikifungwa katika Land Cruiser tangu mwaka 1990, na inapendwa na mashirika na kampuni za utalii kwa kuwa haina turbo wala mambo mengi ya kielektroniki.

Kujua aina ya injini husaidia kununua oili, filta na vipuri sahihi. Husaidia pia kumbana fundi anayetaka kufunga kifaa cha injini nyingine kwa madai kwamba "zinaingiliana".

Oili ni uhai

Mafundi wengi wenye uzoefu hukubaliana kuwa injini nyingi zinazokufa kabla ya wakati wake huuawa na uzembe katika oili. Oili hulainisha, hupoza, husafisha na kuzuia kutu. Kadiri inavyotumika huchanganyika na masizi na chembe za chuma, huchakaa, na mwisho hugeuka tope linaloziba njia zake.

Oili ya kawaida inapaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita 5,000 hivi. Ile ya sintetiki inaweza kufika kilomita 10,000 iwapo kitabu cha gari kinaruhusu. Hata hivyo, kwa gari linaloshinda katika foleni, au linalopita barabara za vumbi, au linalokwenda safari fupifupi, ni salama kupunguza umbali huo. Gari linalotumika mara chache nalo libadilishwe oili angalau mara moja kwa mwaka.

Namba zilizoandikwa kwenye galoni hazipaswi kupuuzwa. Katika 5W-30, namba ya kwanza hueleza wepesi wa oili injini ikiwa ya baridi, na ya pili hueleza uzito wake injini ikishapata joto. Injini za kisasa zenye nafasi finyu kati ya vyuma hutaka oili nyepesi. Kuzitilia oili nzito ya 20W-50 kwa kuwa tu "nchi yetu ni ya joto" huchelewesha oili kufika juu ya injini inapowashwa asubuhi.

Aidha, alama ya API yenye herufi S ni ya injini za petroli, na yenye herufi C ni ya dizeli. Filta ya oili ibadilishwe kila mara oili inapobadilishwa. Kuacha filta kuukuu ili kuokoa fedha kidogo ni sawa na kuoga na kurudia nguo chafu.

Oili ipimwe angalau mara moja kwa wiki, gari likiwa limesimama pa tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa. Kijiti kichomolewe, kifutwe, kirudishwe, kisha kichomolewe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikizidi sana nayo ni hatari, kwa kuwa huvurugwa na krenkishafti na kutoa povu.

Wanunuzi wawe waangalifu na oili bandia. Galoni ambayo kifuniko chake kimekwisha kufunguliwa, lebo yake imepinda au bei yake ni ya chini mno isinunuliwe. Ni busara pia kuichana au kuitoboa galoni tupu baada ya kuitumia, ili isije ikajazwa oili chafu na kurudi sokoni.

Maji na joto

Adui mwingine wa injini ni joto. Injini nyingi hufanya kazi vizuri maji yake yakiwa kati ya nyuzi joto 80 na 100. Kazi ya kulinda kiwango hicho hufanywa na rejeta, feni, pampu ya maji na kifaa kidogo kiitwacho thamostati.

Thamostati hufunga njia ya maji injini ikiwa ya baridi, na kuifungua inapopata joto. Katika gereji nyingi imezoeleka kuitoa na kuitupa kwa hoja kwamba hapa hakuna baridi. Hoja hiyo haina msingi. Bila thamostati injini huchelewa kupata joto lake, kompyuta ya gari huamini kuwa injini bado ni ya baridi na kuongeza mafuta, oili huchafuka haraka, na silinda huchakaa. Katika baadhi ya injini maji hupita isivyotakiwa, na gari huweza kuchemka zaidi katika mwendo mkali. Thamostati mbovu dawa yake ni kuwekewa mpya.

Maji ya bomba au ya kisima nayo hayafai kwa matumizi ya kudumu. Yana chumvi na madini yanayojenga magamba ndani ya rejeta na kuila aluminiamu. Kinachotakiwa ni kimiminika maalumu cha rejeta, maarufu kama kulanti, kikiwa kimechanganywa na maji yaliyosafishwa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye chupa. Mfuniko wa rejeta ukiwa umelegea ubadilishwe, kwa kuwa shinikizo lake ndilo linaloyafanya maji yasichemke yanapofika nyuzi joto 100.

Mshale wa joto ukipanda, au taa nyekundu ya joto ikiwaka, dereva azime kiyoyozi, asogee kando na kuzima injini mara moja. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe hadi injini ipoe kabisa, kwani mvuke wake umewaunguza wengi usoni na mikononi. Pia maji ya baridi yasimiminwe juu ya injini ya moto, kwa sababu chuma huweza kupasuka.

Wanaopata hasara kubwa ni wale wanaosema "nimekaribia kufika nyumbani". Kilomita mbili za kuendesha gari linalochemka zinatosha kupindisha silinda hedi na kuunguza gasketi yake. Gharama ya kumwita fundi barabarani au ya kuvutwa ni ndogo ikilinganishwa na hasara hiyo.

Hewa na mafuta safi

Ili kuunguza lita moja ya petroli, injini huhitaji lita 9,000 hivi za hewa. Hewa hiyo yote hupita katika filta moja. Katika barabara za vumbi, filta iliyochanika au isiyokaa vizuri huingiza mchanga unaozikwangua silinda kama msasa. Filta ya hewa ikaguliwe kila gari linapofanyiwa huduma. Inaweza kupulizwa vumbi kutoka upande wa ndani, lakini ikishakuwa nyeusi au imelowa oili ibadilishwe.

Kuhusu mafuta, tatizo la miaka mingi limekuwa uchakachuaji, yaani kuchanganya dizeli au petroli na mafuta ya taa. Nchini Tanzania, EWURA ilianza utaratibu wa kuyawekea mafuta vinasaba mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kuondoa kishawishi cha bei. Kenya iliweka tozo kama hiyo mwaka 2018. Hata hivyo, mwenye gari bado anashauriwa kuwa na kituo anachokiamini, kudai risiti, na kutoacha tangi likauke, kwa kuwa petroli ndiyo inayoipoza pampu iliyomo ndani yake.

Kwa injini za dizeli, adui mkubwa ni maji. Magari mengi yana filta yenye kifuniko chini cha kutolea maji yaliyojitenga na dizeli, na kazi hiyo ifanywe mara kwa mara. Nozeli za mifumo ya kisasa hupitisha dizeli kwa shinikizo kubwa mno katika matundu madogo sana. Tone la maji au chembe ya uchafu inatosha kuziharibu, na bei yake ni kubwa.

Mkanda, cheni na plagi

Kamshafti inayofungua valvu huzungushwa na mkanda wa mpira au cheni ya chuma. Mkanda ukikatika gari likiwa katika mwendo, katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni na kupinda. Injini za zamani za Toyota kama 5A-FE na 3S-FE, za dizeli kama 1HZ, 1KZ na 1KD, na EJ20 ya Subaru, hutumia mkanda. Nyingi kati ya hizo hutakiwa kubadilishiwa mkanda kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Injini za NZ na ZZ za Toyota na QR za Nissan hutumia cheni, ambayo huishi muda mrefu iwapo oili inabadilishwa kwa wakati.

Anayenunua gari lililotumika lenye injini ya mkanda asiiamini kilomita inayosomeka kwenye dashibodi, kwani huweza kurudishwa nyuma. Njia salama ni kuubadilisha mkanda mara tu baada ya kununua, pamoja na beringi zake na pampu ya maji, kisha kuandika tarehe na kilomita.

Plagi za kawaida hudumu kilomita 20,000 hivi, na za iridiamu huweza kufika 100,000. Plagi iliyochoka hufanya gari litetemeke, lile mafuta mengi na kukosa nguvu. Petroli isiyoungua nayo huenda kuyaharibu masega, yaani kichujio cha moshi kilichomo katika bomba la kutolea moshi.

Ishara za hatari

Injini hutoa taarifa kabla ya kufa. Moshi wa rangi ya buluu huashiria kuwa inachoma oili, kwa sababu ya ringi za pistoni au sili za valvu zilizochakaa. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata joto, hasa maji yakipungua, huashiria kuwa maji yanaingia katika silinda. Moshi mweusi huashiria mafuta kuwa mengi kuliko hewa.

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maana kwamba imechanganyika na maji. Mlio wa kugonga unaoongezeka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta huenda ukawa wa beringi, na hiyo ndiyo hatua ya mwisho kabla ya injini kunoki.

Taa nyekundu yenye picha ya birika ikiwaka barabarani, injini izimwe papo hapo. Taa hiyo inaonyesha kuwa shinikizo la oili limeshuka, na injini haina zaidi ya dakika chache. Taa ya njano yenye picha ya injini haina haraka kiasi hicho, lakini isizoeleke. Gari lipelekwe kupimwa kwa kompyuta, na mmiliki adai kusomewa namba ya hitilafu kabla ya kukubali kununua kifaa chochote.

Kufungua au kununua nyingine

Injini ikishaharibika, mmiliki huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuifungua, kuchonga silinda au krenkishafti, na kufunga ringi, beringi na gasketi mpya. Njia hii hufaa zaidi kwa injini zenye bloku ya chuma na vipuri vinavyopatikana, ilimradi karakana iwe na vipimo na mashine sahihi. Injini iliyofunguliwa iendeshwe kwa upole katika kilomita 1,000 za kwanza, na oili yake ya mwanzo imwagwe mapema.

Njia ya pili ni kununua injini iliyotumika, ambayo nyingi hutoka Japani moja kwa moja au kupitia Umoja wa Falme za Kiarabu. Kabla ya kulipa, mnunuzi afungue mfuniko wa oili aone kama kuna tope, azungushe krenkishafti kwa mkono, achomoe plagi azikague, na ahakikishe herufi za aina ya injini ni zilezile. Muuzaji atoe risiti na muda wa majaribio kwa maandishi.

Jambo linalosahaulika ni namba ya injini. Namba hiyo imeandikwa katika kadi ya usajili wa gari. Injini ikibadilishwa bila mamlaka ya usajili kuarifiwa, mmiliki atapata usumbufu siku ya kuuza gari, ya kudai bima au ya kukaguliwa na polisi. Aidha, injini isiyo na nyaraka huenda ikawa ilitoka katika gari la wizi.

Dunia inabadilika, na baadhi ya viwanda vya injini vimeanza kugeuzwa au kufungwa. Ford ilikifunga kiwanda chake cha Bridgend, Wales, mwaka 2020, na Volkswagen imeanza kutumia eneo lake la Salzgitter, lililotengeneza injini tangu mwaka 1970, kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Kadiri viwanda hivyo vinavyopungua, ndivyo injini zilizopo zitakavyohitaji kutunzwa zaidi, hasa katika nchi ambazo gari hutumika kwa miaka 20 na zaidi.

Kwa mmiliki wa kawaida, kinga yenyewe ni nyepesi: kupima oili na maji kila wiki kabla ya kuwasha gari, kufanya huduma kwa wakati, na kuweka daftari la tarehe, kilomita na vifaa vilivyobadilishwa. Dakika tano za Jumapili asubuhi na daftari la bei ndogo zinaweza kumwepusha mtu na hasara ya mamilioni.